Sharti la Mara Tatu

Mtongwe,
alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mbwana,

Najua umeshacheka. Umeifungua barua ndani ya basi, umeona neno "mwanangu", ukamtazama abiria wa pembeni kama naye ameliona, kisha ukacheka kwa puani kama ufanyavyo. Cheka tu. Umenizidi miaka miwili, ndevu zimekutoka, na mimi bado navaa sare ya shule. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na kwa sheria ya bibi yako mtoto wa dadako ni mwanao hata akiwa na wajukuu. Leo baada ya adhuhuri bibi yako alinikuta uani nikisoma, akasema mtoto hatoki nyumbani bila maneno ya mama. Mama yako mzazi hatoki kazini Changamwe hadi kesho asubuhi, mtaagana kituoni mbiombio, basi mama wa hapa ni mimi. Nikamwambia sijui kusema mbele za watu. Akasema, "Nani kakwambia useme? Andika. Wewe si ndiyo kazi yako?"

Kwa hivyo nimekaa kibarazani na kalamu, na bibi yako yuko jikoni anakanda unga wa mahamri ya njiani. Harufu ya iliki imefika hadi kwenye karatasi hii. Huenda bado unaisikia.

Ya kula, ya kuswali, ya kufunga sanduku na ya kutomwazima mtu blanketi umeshaambiwa na kila aliyepita hapa tangu juzi. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo unalijua: ahadi yetu. Ulisema nikiipata ile ya mara tatu kabla hujavuka feri, utajiandikisha hesabu huko chuo kikuu. Nisipoipata, utachukua somo la mimea, na hesabu utawaachia wenye kichwa chake. Barua hii ni ya hilo. Lakini niache nianzie nyuma kidogo, kwa sababu nikianzia mwisho utasoma mistari sita na kulala hadi Voi.

Unakumbuka ulipoletwa kuishi hapa? Mimi nilikuwa darasa la kwanza, wewe la tatu. Siku ya pili yake tulikutana bombani, wewe na wavulana wenzako mkichezea maji, na bibi yako nyuma yetu na ndoo yake. Akakwambia uniamkie. Ulinitazama kuanzia miguuni, ukatafuta mtu mzima nyuma yangu, hukumwona. Mwishowe ukasema, "Shikamoo, Mama Kidogo." Nikajibu marahaba kwa sauti ya mbu. Wale wavulana walicheka hadi mmoja akaangusha dumu. Jioni ulimuuliza bibi yako kwa nini mimi nisikuamkie wewe, kwani mkubwa ni nani. Akakujibu kwamba jambo hilo halipinduliwi, na akakuongezea samaki kwenye sahani ili unyamaze. Uliniamkia kila asubuhi tangu siku hiyo, na kila asubuhi uliweka neno "kidogo" mwishoni kama mtu anayetia chumvi.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba dunia imejaa mambo yasiyopinduliwa. Nilikuwa mtoto wa kukaa jikoni, si wa kucheza nje, na jikoni kila kitu kina zamu yake. Tui jepesi linatangulia, linachemka na mchuzi. Tui zito linakuja mwisho, na unakoroga bila kuacha. Mara moja nilibadilisha, nikatanguliza lile zito kwa sababu lilikuwa karibu na mkono. Mchuzi ulikatika vipande vipande kama maziwa yaliyolala. Vitu ni vile vile, chungu ni kile kile, moto ni ule ule. Nilichobadilisha ni nani atangulie. Hesabu ndiyo iliyokuwa mahali pangu pa kupumzika, kwa sababu tatu mara tano na tano mara tatu hazina ugomvi. Niliamini kwamba kwenye kuzidisha, zamu haina maana, na kwamba hilo halitabadilika kamwe.

Kisha ukaja na viazi vya karai.

Ulikuwa kidato cha nne, mimi cha pili. Ulivinunua kwenye feri ukitoka mjini, ukanipa viwili na karatasi yake, kwa sababu ulijua napenda kusoma hata karatasi za kufungia. Ilikuwa imechanwa kwenye kitabu cha Kiingereza cha hesabu, kitabu cha wakubwa. Mafuta yalikuwa yameifanya ionyeshe pande zote mbili, xy ya huku ikipita kwenye yx ya kule. Juu kulikuwa na maelezo ya kitu ambacho jina lake kwa Kiingereza ni lile lile la pete ya kidoleni, basi sisi tukaiita pete. Chini kulikuwa na maswali mawili, na majibu hayakuwapo, labda yalikuwa yamefungia viazi vya mtu mwingine.

Tulimpelekea Mwalimu Barasa, na mpaka leo nampenda kwa sababu hakutuuliza kwa nini karatasi inanuka pilipili. Alituambia pete ni dunia yoyote ya vitu ambavyo unaweza kuvijumlisha, kuvitoa na kuvizidisha, ina sifuri yake, na mabano yanafunguka kama tulivyozoea. Ila hakuna aliyetuahidi kwamba xy na yx ni kitu kimoja. Wewe ukabisha. Ukasema, "Mwalimu, huko bara kwenu labda. Hapa mara ni mara." Akacheka, akatusimamisha wote wawili katikati ya darasa. Mimi aliniambia nigeuke kushoto kisha nipige hatua tatu mbele. Wewe akakwambia upige hatua tatu mbele kisha ugeuke kushoto. Nilijikuta nimekwama kwenye madawati, na wewe uko ubaoni. Akasema kuzidisha kwingine ni kama huko, ni kufanya jambo hili na kisha lile, na ukipindua unaishia chumba kingine.

Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni kama ya kuambiwa hakuna sikukuu. Mahali pangu pa kupumzika napo pana mambo ya nani atangulie. Lakini swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa linatusubiri, na lenyewe lilisema hivi: kama katika pete fulani kila kitu kikizidishwa kwa chenyewe kinabaki kilivyo, yaani xx ni x, kwa kila x, basi katika pete hiyo xy na yx lazima ziwe sawa.

Mbwana, mpaka leo nikilisoma sharti hilo moyo wangu unaruka. Tazama linavyosema. Halisemi neno lolote kuhusu wawili. Linazungumza na kila mmoja akiwa peke yake: wewe ukikutana na nafsi yako, ubaki wewe. Basi. Halafu wawili wowote wanapokutana, wanajikuta hawana ugomvi wa nani atangulie, bila mtu yeyote kuwaamuru. Nilimweleza bibi yako nikiwa nachekecha unga. Nilimwambia ni kama chekecheo: ukiupitisha unga mara ya pili kwenye chekecheo lile lile, hupati kipya. Na ukiwa na machekecheo mawili, la matundu makubwa na la matundu madogo, anza na lolote, unga wa mwisho ni ule ule. Akaniangalia, akasema, "Sasa hilo nalo mwalifundishwa shuleni?"

Mimi nilikosea kwanza. Niliandika xx ni x, nikakata x huku na huku, nikabaki na x ni moja, na nikakimbia hadi chumbani kwako kukwambia kwamba dunia nzima ni moja. Ulinipa mkono. Mwalimu Barasa ndiye aliyetutoa usingizini, akasema nimegawanya, na nani kaniambia huko kuna kugawanya. Na kwa kweli chekecheo si moja, linabakiza makapi.

Wewe ulikosea siku ya Jumatano, kwenye chama cha hesabu, ubaoni, mbele ya watu. Ulikuwa na wazo zuri, na wazo lilikuwa lako, hakuna aliyekupa: chukua x na y, zijumlishe, na jumla hiyo nayo ni kitu cha pete, kwa hivyo nayo ikizidishwa kwa yenyewe ibaki ilivyo. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikasogea ukingoni mwa kiti kwa uzuri wa jambo lile. Ukafungua mabano. Na pale katikati, mahali ambapo xy inakutana na yx, mkono wako ukaandika 2xy, kama tulivyofundishwa tangu kidato cha kwanza, kama ulivyoandika mara elfu.

Mwalimu Barasa alisema polepole, "Mbwana, umekwisha kula, na sasa ndiyo unakwenda kunawa." Hukuelewa. Akakuonyesha: ulitaka kuthibitisha kwamba xy na yx ni sawa, na katikati ya safari ulishazihesabu kuwa sawa. Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ni vile mwalimu alivyosema. Lakini ulirudi kitini umenuna, na yule rafiki yako wa Bofu akakuita Bwana Karamu hadi mlipomaliza shule.

Jawabu lenyewe lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale uliposimama. Ukiacha kila herufi mahali pake, unapata x na xy na yx na y, na zote hizo kwa pamoja ni sawa na x na y. Kwa hivyo xy ikijumlishwa na yx ni sifuri. Na ukifanya mchezo huo huo kwa x na x, unaona x na x ni sifuri, yaani kila kitu ni kinyume cha chenyewe. Basi yx, iliyokuwa kinyume cha xy, ndiyo xy yenyewe. Tuliimaliza pamoja usiku ule ule, wewe ukiwa bado umenuna, na ulipoona mstari wa mwisho ulisahau kununa. Nilikuona.

Lakini tangu siku ile ulianza kusema maneno ambayo sikuyapenda. Ulisema una mkono wa hesabu, huna kichwa cha hesabu. Ulisema mkono wako umezoea, na chuo kikuu kuna watu wasiozoea, wanaofikiri. Ulifanya mtihani ukapasi vizuri, ukafundisha watoto wa darasa la sita kule Bofu ukingoja nafasi, na watoto wale walikupenda hadi wakakufuata barabarani wakiimba jedwali la saba. Kila mtu aliyekupongeza kwa hesabu ulimjibu, "Mkono tu huo." Barua ya chuo ilipokuja, ya sayansi, ulisema kemia sawa, wanyama sawa, na la tatu litakuwa mimea. Ulikuwa unamenya muhogo ulipolisema, wala hukuinua uso.

Unajua ninavyokuwa. Maneno yangu huja baada ya wageni kuondoka. Nilikwenda nikatafuta ile karatasi ya viazi, nikaja kuiweka mbele yako kwenye swali la pili, lile tulilokuwa tumelikimbia: kama kila kitu kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe kinarudi kilivyo, yaani xxx ni x, hapo je, xy na yx zitakuwa sawa? Na wewe, kwa kutaka niondoke, ukaniambia nikiipata kabla hujavuka feri utajiandikisha hesabu. Hatukuita dau, maana bibi yako angetusomea mawaidha hadi Ijumaa. Tuliita ahadi yenye sharti. Ulikuwa na hakika kabisa kwamba sitaipata.

Nakwambia ukweli, nami nilikuwa na hakika hiyo. Mchezo wa mabano uliokuwa mtamu kwenye mara mbili, kwenye mara tatu unageuka kichaka. Unafungua, zinatoka herufi kama siafu. Nilijaza nyuma ya kalenda, nyuma ya mtihani wa jiografia, na mara moja niliandika kwa kidole kwenye mchanga pale wanapotengeneza nyavu, na mzee mmoja akaniuliza kama najifunza uganga. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani. Sijui kama nimewahi kukwambia, lakini wiki hizi zimekuwa za furaha kuliko zote nilizowahi kuishi. Niliamka nikiwaza kitu ambacho hakuna mtu aliyeniagiza.

Njia ilifunguka nilipoacha kuwatazama wawili, nikamtazama mmoja. Chukua x, ukizidishe kwa chenyewe upate xx, nikakiita hicho jozi ya x. Sasa jozi ukiizidisha kwa jozi unapata x nne. Tatu za kwanza zinarudi kuwa x moja, inabaki xx, yaani jozi ile ile. Umeona? Jozi inatii lile sharti la kwanza, la chekecheo. Ndani ya pete ya mara tatu kuna watu wa mara mbili wamejificha. Nikajiambia, hawa lazima ni wapole, hawa lazima wanapatana na kila mtu. Nikaonyesha kwamba jozi inaweza kupita mbele au nyuma ya y yoyote bila kubadilisha kitu. Na ukishapewa hilo, yaliyobaki ni kuteleza tu:

xy ni xyxyxy, kwa sharti letu.
Ndani yake mna yxyx, ambayo ni jozi ya yx. Itangulize mbele, unapata yxyxxy.
Sasa mna xx katikati, nayo ni jozi. Isogeze mbele hatua moja, unapata yxxxyy.
Hizo xxx ni x, unabaki na yxyy.
Hiyo yy nayo ni jozi. Ipitishe mbele ya x, unapata yyyx.
Na yyy ni y, kwa hivyo yx.

Ilianza xy, ikaisha yx. Niliipata Jumanne nikifua. Povu lilifika hadi viwikoni na nilisimama uani nikicheka, na bibi yako akaniuliza nimeona nini ndani ya beseni.

Sikukwambia. Nilitaka uisome kwenye basi, ukiwa umeshavuka, usiweze kurudi kubisha. Nilianza barua hii kwa majivuno makubwa, kurasa mbili nzima, na nimezichana. Nitakueleza kwa nini, maana ndicho hasa nilichotaka kukwambia, na saa moja iliyopita nilikuwa sikijui.

Nilikuwa nakunakilia kwa hati safi ile sehemu ya jozi kupatana na kila mtu. Jozi nimeiita j. Niliandika kwamba j ikizidishwa kwa y iliyopunguzwa jy, kwa zamu hiyo, ni sifuri. Hilo ni kweli, hesabu yake ni fupi. Mstari wa pili niliandika kwamba basi ile y iliyopunguzwa jy, ikizidishwa kwa j, nayo ni sifuri. Nikaendelea. Nilikuwa nimeshafika chini ya ukurasa kalamu iliposimama. Nikarudi juu. Nani kaniambia nipindue? Nimetoka na kitu hiki mbele na kile nyuma, na kwenye mstari wa pili nimewabadilisha zamu bila kuomba ruhusa ya mtu. Mkono wangu tu. Nilikuwa nataka kuthibitisha kwamba zamu haina maana, na katikati ya safari nimeshaihesabu haina maana.

Nilikula kabla ya kunawa, Mbwana. Mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma ya darasa siku ile na kuliona kosa lako kabla ya mwalimu. Na nimelirudia kila siku tangu Jumanne nikiisoma ile karatasi kwa furaha, na sikuliona.

Nilikaa nikitazama barabara. Kesho alfajiri unavuka, na sina kitu. Nilijaribu huku na huku, haikukubali. Ndipo nikakuita. Na sasa nitakuandikia ulivyosema, kwa sababu najua wewe umeshasahau.

Uliitika chumbani, "Labeka, Mama Kidogo," kwa ile sauti yako ya kejeli. Nikasogea mlangoni. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya sanduku, shati la buluu umelibana kola kwa kidevu unalikunja mikono.

Nikakuuliza, "Kwenye ile pete ya mara tatu, ab ikiwa sifuri, ba nayo ni sifuri?"

Macho yako yalikwenda ukutani, pale penye mjusi. Kisha ukasema, na shati bado kidevuni, "Izidishe hiyo ba mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu tazama katikati. Ba, ba, ba. Iache b ya mwanzo, iache a ya mwisho. Kati zimebaki ab mbili. Si umesema ab ni sifuri? Basi imekufa yote. Na ba mara tatu ndiyo ba." Ukanitazama. "Wauliza ya nini?"

"Basi tu."

"Basi tu," ukaniiga, na shati likakuanguka.

Nilirudi kibarazani miguu haigusi chini. Ulichosema huku unakunja shati ndicho kilichokosekana. Mimi nilitaka kupindua, na sharti lenyewe linaturuhusu kupindua pale pale ninapopahitaji, penye sifuri, na kwa sababu ya kweli, si kwa mazoea. Kuanzia hapo, ukifanya hivyo pande zote mbili, jy na yj zote zinaishia kuwa jyj, jozi inapatana na kila mtu, na mistari yangu sita inasimama kwa miguu yake.

Sasa sikiliza. Mkono haukufanya kazi ile. Mikono yako yote miwili ilikuwa na shati.

Kwa hivyo ahadi yetu imejifia yenyewe. Ulisema nikiipata mimi, na sikuipata peke yangu. Nilikuwa na shimo katikati na wewe ukaliziba bila kujua. Siwezi kukudai kitu. Utakaposimama kwenye dawati la kuandikishwa, chagua mimea kama roho yako iko kwenye mimea, na nitataka uniandikie jani linavyokunywa maji. Ila usichague mimea kwa sababu ya Jumatano ile. Kosa lile tulidhani ni lako, kumbe ni la kila mwenye mkono. Mimi nimelifanya nikiwa sina haraka, sina ubao nyuma yangu, sina mtu wa kunicheka. Sijui kama wale wasiozoea, unaowaogopa, wapo kweli. Nashuku nao hula, kisha wakakumbuka maji, wakarudi kunawa, na hawasemi.

Nami nitakwambia na langu, kwa kuwa ni kwenye karatasi na siwezi kuona haya. Nimebakiza mwaka mmoja shuleni. Nataka kusoma hesabu hata kama mtu wa nyumba hii hajawahi. Nilitaka utangulie kwa sababu nikifika mahali pageni sijui kumuuliza mtu njia, na wewe ningekuuliza. Hilo ndilo nililokuwa nikilipigania kwa povu hadi viwikoni. Lakini leo nimeona kwamba nimekuuliza swali na dunia haikuanguka. Kwa hivyo hata usipotangulia nitakuja. Nitapotea kidogo, nitauliza.

Ngoja. Unatoka.

Mbwana, naandika haraka na mkono wangu wa kushoto umefunika ukurasa. Umekuja umesimama mlangoni, ukasema, "Mamdogo, ile ab na ba. Uliitaka kwa sababu ya kitu kinachorudi chenyewe kikizidishwa? Kama x mara x?"

Nikasema sijui unazungumza nini.

"Niazime kalamu."

Nikakwambia hujamaliza kupanga sanduku. Ukasema, "Sanduku haliendi popote," nalo ni sanduku la safari ya kesho. Nimekupa kalamu ya risasi. Umeingia, umekaa juu ya hilo sanduku, umechukua mfuko mtupu wa sukari, umeupasua ukaulaza gotini. Mlango uko wazi, nakuona. Bibi yako amekuita mara ya kwanza, mahamri ya kwanza yametoka. Hukusikia. Ameniuliza mimi una nini, nimemwambia akuache.

Mistari yangu sita sasa haitakuwa na kazi. Iache huko juu, utakuja kulinganisha.

Unaandika polepole. Sijawahi kukuona ukiandika hesabu polepole hivyo. Umeandika xyxyxy, zile herufi kubwa kubwa ninaziona hadi huku. Mkono umesimama hewani. Najua unataka kufanya nini, wangu nao ungetaka. Hukupindua. Umechora duara kwenye zile za katikati, umefuta, umechora tena.

Bibi yako amekuita mara ya pili. Umeinua kiganja, asubiri.

Sasa umeiweka kalamu chini. Hucheki, umeutazama tu ule mfuko wa sukari kwa namna ambayo sitaiuliza maana yake, wala sitauliza utajiandikisha nini. Umenipungia mkono nije nione, na nisipoacha kuandika sasa hivi utakuja wewe huku.

Nenda kwa salama, mwanangu, na unielezee kila kitu kwa zamu yoyote utakayopenda.

Mamdogo wako,
Mwanaisha